Mlango wa Msiba

Jumanne ya tarehe 14 Juni mwaka 2061 ndiyo siku mambo yalipoharibika, na yaliharibika mchana, watu wamejaa uani, katekista akisali. Lingekuwa jambo la gizani, Gaudensi Mhongole angesema sawa, mabaya ndivyo yanavyopenda. Lakini lilifanyika mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe alivua kofia kuliheshimu.

Alikuwa amekwenda kumzika Lukasi. Walifanya kazi pamoja kiwanda cha mbao tangu ujana wao, Lukasi kwenye msumeno mkubwa, yeye kwenye kupanga magogo, na nyumba zao zilishikana ukuta kwa ukuta katika mtaa wa Lyanika. Ukikohoa huku, kule wanakuuliza kama umekunywa dawa. Asubuhi ile Gaudensi hakutaka kutoka. Mkewe Skola alikuwa kitandani na mrija puani, mashine ya hewa ikivuma pembeni. Mapafu yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba hata kucheka alicheka kwa kubana.

"Nenda kamzike mwenzio," Skola alimwambia. "Mimi ninaye huyu." Akaipigapiga mashine mgongoni kama mtu anayempigapiga ng'ombe wa maziwa.

"Huyu ni wa Bodi ya Mtandao."

"Basi leo acha wa Bodi anilee. Toka, unanizibia mwanga."

Nje, Mlango wa Msiba ulikuwa umeshafunguka. Siku hizi mtu hazunguki mtaani kuazima sufuria na mabenchi. Zahanati ikishaandika kifo, mtandao wenyewe hufungua Mlango: nyumba za ubavuni huungana na nyumba ya msiba, na taa, majiko, matangi na spika zote humsikiliza mfiwa mpaka siku ya arobaini. Jiko la Gaudensi lilianza kuchemsha maji ya chai ya waombolezaji bila yeye kuligusa. Hajawahi kusifu kitu chochote kilichotoka Bodi ya Mtandao, lakini hilo hakulilalamikia. Jirani akifiwa hufungi mlango wako. Hayo alifundishwa na mama yake, si na Bodi.

Spika kubwa upenuni ilikuwa inaimba kwaya. Katekista akainua mkono kuomba utulivu. Mama Lusungu, mjane wa Lukasi, aliyekaa mkekani katikati ya wanawake, akatoa simu kwenye kanga na kubonyeza kwa kidole gumba. Kwaya ikakatika.

Kimya kile kilikuwa kizuri. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya misonobari, watu wamefumba macho, hata watoto walikuwa wametulia. Katekista hakuwa na haraka. Alimwombea Lukasi, akawaombea wafiwa, akawaombea wagonjwa wa mtaa mzima, Skola akamtaja kwa jina. Waliposema amina, Mama Lusungu alibonyeza tena, na kwaya ikaendelea pale pale ilipokuwa imekatikia.

Kabla jeneza halijanyanyuliwa Gaudensi alipita kwake mara moja kumwangalia mkewe. Skola alikuwa ameporomoka nusu kutoka kitandani, mkono mmoja umenyooka kuielekea mashine. Mashine yenyewe ilikuwa inavuma vizuri kabisa. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na neno moja: KARIBU.

Na mashine ile huandika KARIBU pale tu inapowashwa.

*

"Mzee wangu, si umesema mwenyewe uliikuta inafanya kazi?"

Afisa Mlelwa wa Bodi alikuwa amevaa sweta nene na miwani ya kuning'inia kifuani, na alikuwa na ile sauti ya upole inayotumika kuwatoa watu ofisini.

"Niliikuta inaandika karibu," Gaudensi alisema.

"Inakaribisha. Ndiyo adabu yake."

"Inamkaribisha nani? Mimi nimeishi na mashine ile mwaka na zaidi. Haikaribishi mtu mpaka iwe imezimwa ikawashwa. Nani aliizima?"

"Ikizimika kwa hitilafu hupiga kelele mtaa mzima unasikia. Ilipiga kelele?"

"Haikupiga."

"Basi haikuzimika kwa hitilafu." Mlelwa alivaa miwani, akavua tena. "Mara nyingine, mzee, na usinielewe vibaya, mgonjwa anahangaika, anapapasa, anajibonyezea mwenyewe. Sisi huku tunaita kosa la mtumiaji."

Gaudensi alimtazama mpaka yule bwana akageukia dirisha. Kwamba Skola alijizima mwenyewe! Skola aliyekuwa akigombea kila pumzi kama anagombea nafasi kwenye foleni ya maji! Lakini wakubwa ndivyo walivyo. Kitu chao kikiharibu, wanatafuta mdogo wa kumbebesha, na maiti ndiye mdogo kuliko wote kwa sababu hakatai.

"Kuna darasa la watumiaji wa nyumbani, kila Alhamisi pale ukumbi wa kata," Mlelwa aliendelea. "Wanafundisha maneno haya taratibu. Ruta, anwani, ukuta. Ukishayaelewa hutapata shida ya kushuku shuku."

Njiani Gaudensi alilitafuna lile neno. Hutapata shida ya kushuku. Kwa hiyo wanataka asishuku. Kwa nini wanataka asishuku?

Alipofika nyumbani aliitazama ruta pale ukutani, kijisanduku cheupe chenye taa ya kijani, kinachopepesa kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Akachukua sufuria kubwa ya Skola, akakifunika.

Mama Lusungu alimkuta hivyo jioni ile alipoleta makande. Tangu misiba miwili ifuatane, yeye ndiye aliyekuwa akimpikia, na yeye Gaudensi ndiye aliyekuwa akimpasulia kuni.

"Kamwene, shemeji. Na hiyo umepika nini ukutani?"

"Ruta."

"Ikiiva uniite nije na kijiko."

Gaudensi alicheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi, kisha akakimeza haraka kama mtu aliyeiba. Mama Lusungu alikaa kwenye kigoda, akazungusha kanga nyeusi mabegani. Alimtazama Gaudensi akila, akatazama mlango wa chumba cha Skola.

"Unajua kinachonipa usingizi, shemeji?" alisema. "Ni kwamba Skola aliondoka watu wako kwenye sala. Katekista amemtaja, na yeye akaenda. Hakufa mpweke. Mimi nilimpoteza Lukasi lakini hilo la Skola nalishukuru kila nikilala."

Gaudensi aliendelea kutafuna. Alikuwa hajamwambia mtu habari za KARIBU isipokuwa Bodi, na hakuona sababu ya kuanza na huyu.

*

Alhamisi alikwenda. Hakwenda kujifunza, alikwenda kuwatazama usoni.

Ukumbi wa kata ulinuka makoti yaliyonyeshewa. Waliokaa walikuwa wazee watupu, pamoja na Anzeleta mshona nguo, ambaye mashine yake ndogo ya hewa aliipakata kwenye kikapu kama kuku anayepelekwa gulioni, mrija ukipanda mpaka puani. Mwalimu alikuwa binti mrefu aitwaye Ikupa, koti la Bodi likimpwaya mabegani.

"Tuanze na ruta. Nani ataniambia ruta ni nini?"

"Ni kile kidude chenye taa ya kijani," alisema Anzeleta. "Ukikosana na Bodi inakuwa nyekundu."

Watu wakacheka. Ikupa naye akacheka, na Gaudensi akaliweka hilo akilini: huyu anacheka ili tumzoee.

"Fikirieni nyumba yako ni gesti," mwalimu alisema. "Taa ni mgeni, jiko ni mgeni, simu, spika, mashine ya hewa, wote wageni. Ruta ni mhudumu wa mapokezi. Kila mgeni anayeingia anampa chumba, na chumba kina namba. Hiyo namba ndiyo tunaita anwani. Ukisema kwenye simu yako 'taa ya jikoni zima', ruta haijui jikoni ni wapi. Inajua taa imepewa chumba namba saba, basi inapeleka agizo namba saba."

"Na mlinzi wa geti?" aliuliza mzee mmoja wa nyuma.

"Huyo ndiye ukuta. Anakaa mlangoni. Anayetoka nje akitaka kuingia anaulizwa, unamtafuta nani, nani kakuita? Asipojieleza anarudishwa."

"Na pasiwedi?"

"Ni neno la siri analotaka mlinzi. Na tafadhali msiweke jina la mifugo."

"Basi mwalimu umemfukuza ng'ombe wangu," alisema Anzeleta, "mtaa mzima unaingia kwangu kwa jina lake."

Gaudensi alinyoosha mkono. "Huyo mhudumu wa mapokezi. Usiku akifunga hesabu zake za wageni, anampelekea nani? Mimi mwenye nyumba, au Bodi?"

Ikupa alishika kola ya koti lake. "Anawapelekea wote wawili, mzee."

"Nilidhani hivyo," alisema Gaudensi, akakunja mikono.

Mwalimu alitoa mezani ruta mbili na taa mbili, moja ya bluu na moja ya njano. Kila taa aliifunga kwenye ruta yake. "Sasa angalieni. Kila gesti hapa mjini ina chumba namba nne. Mbona wageni hawagongani?"

"Wanagongana, mwalimu, wewe huzijui gesti za hapa," alisema yule mzee wa nyuma, na wanawake wakamzomea.

"Hawagongani kwa sababu ni majengo mawili, na katikati kuna ukuta. Hii ya bluu ni namba nne kwake. Hii ya njano ni namba nne kwake. Nikiwa huku nikisema 'namba nne zima', inazima ya bluu tu." Akagusa simu. Taa ya bluu ikazimika. Akaiwasha. "Sasa nauondoa ukuta. Gesti mbili zimekuwa moja, na ndani kuna vyumba viwili vyenye namba nne. Naagiza tena ya bluu izime."

Akagusa. Ya bluu ikazimika. Ya njano nayo ikazimika.

Watu walipiga makofi kama wameona mazingaombwe.

"Hiyo tunaita mgongano wa anwani," alisema Ikupa kwa furaha ya mtu ambaye somo lake limeeleweka. "Lakini majumbani msiogope. Haitokei, kwa sababu ukuta upo saa zote."

"Isipokuwa kwenye msiba," alisema Anzeleta, akirekebisha mrija wake puani. "Siku ya msiba kuta zote chini, tunakuwa gesti moja."

Watu walikwishaanza kucheka tena. Mwalimu alifungua mdomo kumjibu, kisha akaufunga. Alizitazama zile taa mbili, akazitazama tena, na mkono wake ukazima ruta zote mbili haraka, kama mtu anayefunika chungu kilichotambaliwa na mdudu.

"Tutaendelea wiki ijayo," alisema.

Gaudensi hakuinuka kwenye kiti mpaka ukumbi ulipobaki mtupu. Wakubwa walishamdanganya mara nyingi maishani, na uso wa mtu anayedanganya aliujua. Ule wa binti haukuwa huo. Ulikuwa uso wa mtu ambaye ndiyo kwanza anagundua kwamba amedanganywa.

*

Ikupa alikuja nyumbani kwa Gaudensi siku mbili kabla ya arobaini ya Lukasi, mchana, bila koti la Bodi.

"Wamekutuma," alisema Gaudensi akiwa mlangoni.

"Sijatumwa. Wakijua nimefika hapa nitafukuzwa kazi."

"Anayetumwa husema hivyo hivyo."

"Basi mzee, nisikilize ukiwa unashuku, si lazima uniamini. Nimesikia mkeo alifariki siku ya msiba wa jirani, mashine ikikutwa inafanya kazi. Naomba niione."

Gaudensi alimwacha asimame barazani muda mrefu. Mwishowe alimpisha, kwa kuwa tangu siku ile huyu alikuwa mtu wa kwanza wa Bodi kusema neno mashine kabla ya neno mtumiaji. Kupita sebuleni binti aliiona sufuria ukutani.

"Hii inapunguza kasi ya mtandao wako mwenyewe tu, mzee. Wao hawapungukiwi."

"Iache hapo hapo."

Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa. Ikupa aliiwasha mashine, ikavuma, ikaandika KARIBU. Akaisogelea na simu yake, akasoma, akaenda mpaka ukuta wa upande wa Mama Lusungu, akasoma tena. Akageuka.

"Mashine hii ni namba nne kwenye nyumba yako. Spika ya jirani ni namba nne kwenye nyumba yake. Tangu Mlango wa Msiba ufunguliwe, ukuta wa katikati haupo. Siku ya maziko, kuna mtu aliizima spika?"

Gaudensi aliona kidole gumba. Alikiona vizuri kuliko alivyowahi kukiona, kikitoka kwenye kanga, kikigusa kioo. Akakumbuka jinsi kimya kile kilivyomtuliza moyo.

"Kwaya ilikatika na mashine nayo ikakatika," alisema taratibu. "Na mbona haikulia?"

"Hulia ikiharibika. Ikipewa agizo halali la kuzima inatii tu, inadhani mwenyewe umeamua. Sala ilipokwisha, spika ikaambiwa iwake. Mashine nayo ikaambiwa iwake."

"Ikakaribisha."

"Ndiyo, mzee. Ikakaribisha."

Gaudensi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amejiandaa kwa wiki nyingi kusikia kwamba kuna mtu ofisini alibonyeza, mtu mwenye tai, mtu wa kuchukiwa kwa raha. Sasa aliyebonyeza alikuwa ni yule anayemletea makande.

"Waliojenga Mlango hawakuliona hili?" aliuliza.

"Nimemuuliza Mlelwa jana, kama swali la darasa tu. Amesema haiwezi kutokea, na nisilifundishe tena."

"Basi wanajua."

"Sijui kama wanajua au hawataki kujua."

"Binti, hiyo ni nguo moja imegeuzwa ndani nje."

Ikupa alitoa mkobani kitu cha duara kama kifuniko cha chupa, cheusi. Ni kinasa ripoti, alieleza. Kila mwalimu anapewa. Jaribio likifanyika mbele yake, kinauliza maswali, watu wanajibu kwa mdomo, na ripoti inakwenda moja kwa moja kwa wahandisi makao makuu. Mlelwa hawezi kuizuia. Wahandisi wakishaipata, kisheria hawawezi kulala nayo. Lazima wauzibe ule mwanya wilaya nzima.

"Na lazima ifanyike kabla ya arobaini," alisema. "Kesho kutwa Mlango wa jirani unafungwa, ukuta unarudi, mashine na spika haviwezi tena kugongana. Tutabaki na maneno tu."

"Si tungoje msiba mwingine?"

Gaudensi alijutia swali lake kabla halijamaliza kutoka. Mzee Ngwale, jirani wa Anzeleta, alikuwa ameacha hata kumeza uji. Akifa leo, Mlango utafunguka ubavuni mwa kile kikapu. Anzeleta hawezi kuichomoa mashine mtandaoni, maana ikikosa mtandao inajifunga yenyewe ikidhani imeibwa. Ndivyo walivyoitengeneza. Waliogopa mashine kuibwa kuliko mtu kufa.

"Basi nibonyeze mimi, tumalize."

"Agizo la msiba linasikiliza kidole cha mfiwa peke yake, na Mlango wa mkeo haukufunguka, maana Milango miwili haifunguki ubavu kwa ubavu. Lazima awe Mama Lusungu." Ikupa aliangusha sauti. "Si lazima ajue. Wewe ukae naye kule, mwombe azime spika kwa sababu yoyote. Mimi niko huku natazama. Ataizima, ataiwasha, ataendelea na shughuli zake."

"Halafu?"

"Halafu kinasa kitauliza nani aliyezima. Kinataka jina la mtu. Ukisema Bodi hakikubali, ukisema mtandao hakikubali. Ukitaja jina la uongo, wakipima wakagundua, wanaitupa ripoti yote. Na ukilitaja la kweli..." Akashindwa.

"Kosa la mtumiaji," Gaudensi alimmalizia. "Watauziba mwanya wao kimya kimya, na yeye wataita baraza wamsimamishe mbele ya watu. Mama Lusungu, muuaji wa Skola. Ndiyo mpango?"

"Mimi sina mpango, mzee. Nina taa mbili na nimeshindwa kulala."

Gaudensi alimtazama. Alitafuta mahali pa kumshuku, akakosa, na kukosa huko kukamchosha kuliko shuku yenyewe.

*

Kesho yake alasiri Mama Lusungu alikuwa uani akimenya viazi vya chakula cha arobaini, karai kubwa mbele yake, maganda yakianguka marefu bila kukatika. Ng'ambo ya ukuta, mashine ya Skola ilikuwa inavuma. Ikupa alikuwa chumbani mle, kinasa mkononi.

"Kamwene, shemeji. Leo umenyoa ndevu. Unaoa?"

"Ninyi wanawake wa huku hamuoleki."

"Tunaoleka, ila si na wanaofunika ruta kwa sufuria."

Gaudensi alikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Maneno aliyoyapanga yalikuwa mepesi: shemeji, hebu zima hiyo spika tuone kama bado inafanya kazi, kesho watu watakuwa wengi. Basi. Angebonyeza, angewasha, angerudi kwenye viazi vyake, na angeendelea kulala usingizi wake. Akaitazama mikono ya yule mama. Akamwona akiitwa barazani na watu ambao yeye Gaudensi ndiye aliyewapa jina lake, akigeuka kumtafuta kwenye umati, akiuliza kwa macho, shemeji, kumbe siku ile ya viazi? Hapo ndipo alipojua kwamba akifanya hivyo, hatakuwa na tofauti na Mlelwa. Tofauti itakuwa sweta tu.

"Kuna kitu nataka kukuambia," alisema, "na ukishakisikia utanichukia, na una haki."

Akamwambia. Hakuwa mtu wa maneno mazuri, alimwambia kwa gesti na vyumba kama alivyofundishwa, namba nne na namba nne, ukuta uliolala, agizo lililokwenda nyumba ya pili. Mwanzoni Mama Lusungu alicheka akidhani ni utani. Kisha kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Mimi," alisema.

"Wewe ulizima kwaya."

"Wakati wa sala."

"Wakati wa sala."

Hakulia. Aliweka kisu ndani ya karai, akakitazama kidole chake gumba, akakifuta kwenye kanga, akakitazama tena kama kitu cha mtu mwingine kilichoachwa kwake. Gaudensi akamweleza na mengine: Anzeleta, mzee Ngwale, kinasa, jina, baraza. "Ukikataa naenda kumwambia binti aondoke," alisema. "Hakuna atakayejua. Nitaendelea kukupasulia kuni."

"Na Anzeleta?"

Gaudensi aliokota ganda la kiazi, akalikunja.

"Ulitaka nibonyeze nikiwa hapa hapa? Na viazi mkononi?"

"Binti ndiye alisema. Mimi nilikataa."

Mama Lusungu aliinuka, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Sibonyezi tena kitu nisichokiona. Nipeleke kwake."

Wakaingia chumbani kwa Skola. Ikupa alisimama haraka, akaanza kusema shikamoo na pole kwa pamoja, yule mama akampita. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaishika mashine mgongoni, akaisikiliza ikivuma. Akatoa simu.

"Skola, mama," alisema kwa sauti ndogo, "leo nakuangalia."

Akabonyeza.

Kutoka uani kwake haikusikika kitu, maana spika ilikuwa kimya tangu asubuhi. Lakini pale chumbani mvumo ulishuka, ukashuka, ukaisha. Taa ya mashine ikafa. Haikulia, haikulalamika. Nje kuna mtu alipita akipiga mluzi, akatokomea. Mama Lusungu aliacha mkono wake juu ya mashine iliyopoa muda ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Kisha akabonyeza tena. Mashine ikaamka, na kwenye kioo, kwa herufi zake za adabu, ikaandika KARIBU.

Kinasa kikatoa mlio mfupi mkononi mwa Ikupa.

"Asante," kilisema, sauti ya mwanamke mpole asiyekuwepo. "Mgongano wa anwani umeonekana. Kifaa cha tiba kimezimwa kwa agizo lisilokusudiwa kwake. Ili ripoti itumwe, jibu swali moja. Nani aliyezima?"

"Bodi," alisema Gaudensi.

"Samahani. Taja jina la mtu."

"Mlelwa!"

"Samahani. Mtu huyo hayupo katika eneo la tukio."

Ikupa alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kimefunika nembo ya Bodi kwenye mkanda wa mkoba wake. Gaudensi alifungua mdomo kutaja jina lake mwenyewe, akakumbuka kwamba uongo utaizika ripoti nzima na Anzeleta pamoja nayo, akaufunga. Mama Lusungu akavuta pumzi, akanyoosha mgongo kama mtu anayeitwa darasani, na Gaudensi akamshika bega, bila kujua kama anamzuia au anamwegemea.

Kikanyamaza kidogo, kikiwapa nafasi. Kisha kikauliza tena, kwa upole ule ule:

"Nani aliyezima?"